Vitasa vya Saa Nane Usiku

Saa nane usiku, stima imerudi tu, na badala ya kulala nikaingia ndani ya ruta. Nilikuwa nataka kujua mbona gemu inakwama. Unaandika 192.168.1.1, unaweka paswadi, unafika kwa logi ya faiwoli. Manze, nikaganda. Laini kwa laini: DROP, DROP, DROP. Anwani za majuu, kila moja ngeni, na nyingi zinataka poti 23. Nikaamsha brathe: "Amka, kuna msee anataka kutuingilia!"

Hakukuwa na msee. Chora ploti ya mtaa, mtu anapita korido usiku akijaribu kila kitasa. Hajui nani anaishi wapi, na hajali. Intaneti iko hivyo masaa yote. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3, na bado 2013 wasee wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu ya kupitia poti moja kwa hizo anwani zote na mashine moja tu, chini ya dakika 45, bora laini iwe ya gigabiti. Shodan nayo imekuwa ikiandika vitu zimeachwa wazi kwa neti toka 2009. Ukiona 22, 23, 445 ama 3389, hizo ndizo vitasa zinapendwa. Faiwoli ikiandika DROP, ishamaliza kazi. Rudi ulale.

Na kama logi yako iko kimya, cheki anwani ya nje ya ruta. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya IP moja mnashea wasee wengi, na hayo mabisho hayafiki kwako. Mimi nililipia yangu pekee ndio mbogi icheze kwa seva yangu.

Kuna ingine ilinisumbua zaidi: pakiti za poti 443 kutoka seva za Google, zote zimeangushwa. Google inatudungia? Zii. Ukifungua video, ruta inaandika kando: hii fon imeomba kitu, jibu likija lipitishwe. Sasa funga apu ghafla, ama fon ihamie bando, baada ya muda ruta inafuta hiyo kumbukumbu. Jibu la mwisho likifika limechelewa, mlangoni hakuna mtu analijua, linafungiwa nje. Kwa logi inakaa vita, na ni mzigo tu umefika mwenyewe ashahama. Na ile 239.255.255.250 poti 1900 ni TV yako inaita ndani ya keja, inauliza nani yuko. Usiogope.

Mimi nilikuwa nimekodolea macho zenye zinaingia. Ni brathe, bado na usingizi, aliweka kidole kwa skrini: "Na hii je?" 192.168.1.14. Hiyo ni anwani ya ndani. Inatoka kwetu, inaenda nje, poti 23, anwani tofauti kila mara, bila kupumua.

Ilikuwa kamera. Kadogo, keupe, juu ya friji, tuliinunua tao ya kuchungia mtoi wa siz. UPnP ilikuwa wazi kwa ruta, na kamera ikajiombea mlango ufunguliwe. Hivi ndivyo virusi ya Mirai ilijaza dunia 2016: inajaribu majina na paswadi kama 60 za kiwandani, "root", "admin", ikiingia inageuza kamera iende kutafuta zingine. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la hivyo vifaa lililemea Dyn, kampuni yenye Twitter na Netflix zilikuwa zinategemea, na zikapotea kwa wasee wengi Marekani. Mimi nilikuwa nasomanga hiyo stori nikidhani ni ya wengine.

Tuliizima, tukaiwasha, logi ikatulia. Hii virusi inakaa kwa memori tu, stima ikikatwa inafutika. Dakika chache na ikaanza tena, juu paswadi ilikuwa ile ile, na ilikuwa imechomelewa ndani, hakuna mahali pa kuibadilisha. Nikafunga UPnP, nikabadilisha paswadi ya ruta, nikachomoa kamera. Ilikuwa moto mkononi. Siz alikasirika asubuhi, na ako na haki, hiyo doh ilikuwa yake.

Kitu kilinikaa moyoni ni kwamba kuna mtu mahali, pengine Manila, pengine Lima, ameamka usiku huo, amefungua logi yake, ameona anwani yetu ya Nairobi ikibisha kwa poti 23, na ameamsha nduguye.

Saa kumi na moja nikacheki tena. Huko nje wanabisha tu kama kawaida. Kutoka 192.168.1.14, hakuna laini hata moja.