SOMO LA REDIO: BIBI ALIYECHUNGUZA UGONJWA WA VIAZI

Ndugu zangu wa madarasa ya watu wazima ya Kaliua, kaeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: rando, virusi, mtaalamu. Leo tutayatumia yote.

Somo letu ni la viazi vitamu. Huenda mmoja wenu akauliza, "Viazi vina elimu gani? Tumevilima tangu enzi za babu zetu." Ni kweli. Hapa Unyamwezi michembe na matobolwa ni akiba ya nyumba wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo ugonjwa wa viazi si jambo dogo. Ukiingia shambani, umeingia na jikoni.

Ugonjwa wenyewe mmeuona. Rando linadumaa. Majani yanakuwa madogo, membamba na yenye kukunjamana, na mengine yanageuka manjano. Ukichimbua tuta, unakuta mizizi mitupu au viazi vidogo sana. Watu husema ardhi imechoka, au mvua haikutosha, au jirani ana jicho baya. Pengine ardhi imechoka kweli. Lakini mara nyingi majani ya namna hiyo huletwa na virusi.

Virusi ni nini? Ni vitu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Huingia ndani ya mmea na kuongezeka humo. Ugonjwa huu hutokea hasa virusi vya aina mbili vinapokutana katika mmea mmoja. Aina ya kwanza huenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Aina ya pili huenezwa na inzi weupe. Rando likiisha kuambukizwa, hakuna dawa ya kulinyunyizia shambani ili lipone.

Sasa sikilizeni habari za mtu aliyejifunza mambo haya kwa miaka mingi. Jina lake ni Florence Wambugu. Alizaliwa mwaka 1953 katika wilaya ya Nyeri, Kenya. Nyumbani kwao watoto walikuwa wengi na fedha kidogo. Ulipofika wakati wa kwenda shule ya sekondari, mama yake aliuza ng'ombe wa pekee waliyekuwa naye ili apate karo. Ninyi wafugaji mnajua maana yake. Ng'ombe ni mmoja tu, naye anauzwa ili binti asome.

Binti huyo alisoma kwa bidii. Mwaka 1978 alimaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akawa mtafiti wa kilimo wa serikali ya Kenya. Mwaka 1984 alipata shahada ya pili huko North Dakota, Marekani. Mwaka 1991 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Udaktari huo si wa kutibu watu. Ni shahada ya juu ya elimu, na yeye aliipata kwa kuchunguza virusi vya viazi vitamu vya Kenya. Alikwenda mpaka Ulaya, akasomea chakula cha kwao.

Baada ya hapo alifanya kazi Marekani kwa miaka mitatu, katika kampuni ya Monsanto. Yeye na wenzake walijaribu kubadili asili ya kiazi ili kiweze kushindana na virusi. Marando hayo yalianza kujaribiwa mashambani Kenya mwaka 2000. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba hayakuonyesha nguvu kuliko marando ya kawaida. Hatuwafichi jambo hili. Mtaalamu naye huweza kulima asivune.

Lakini hakuweka jembe chini. Katika miaka ya 1990 alisaidia kueneza kwa wakulima wa Kenya miche safi ya migomba, iliyokuzwa ndani ya chupa katika maabara. Mwaka 2002 alianzisha shirika la Africa Harvest, la kuwasaidia wakulima wa Afrika.

Ndugu zangu, sisi hatuna maabara. Lakini jambo moja la elimu hiyo tunaliweza: kupanda mbegu safi. Zamani misafara ilipita katika nchi hii ya Tabora kwenda Ujiji, na kila mpagazi aliujua mzigo wake. Rando hubeba mzigo usioonekana. Ukilikata kwenye mmea mgonjwa, unauhamisha ugonjwa mpaka shamba jipya.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kuvuna, pitieni shamba na kuweka alama kwenye mimea mizima yenye majani mapana. Kateni mbegu kwenye mimea hiyo tu. Marando mnayoyatunza mbugani wakati wa kiangazi, yakagueni mara kwa mara. Mmea unaoonyesha dalili ungali mchanga, ung'oeni na kuuzika au kuuchoma. Shamba jipya liwe mbali na la zamani, na yale maotea ya viazi vilivyosahauliwa ardhini yang'olewe.

Kumnyima jirani marando si desturi yetu, wala sisemi mmnyime. Mpeni, lakini mpeni mazima. Ukimpa yenye ugonjwa, umempa njaa ya mwaka ujao, na inzi weupe watairudisha kwako.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mama yake Florence aliuza nini, na kwa nini?
2. Ugonjwa wa viazi huenea kwa njia zipi?
3. Katika shamba lako, utayatambuaje marando mazima?

Juma hili, kila mmoja alete darasani jani moja zima na jingine lenye dalili za ugonjwa, ayaandikie majina. Kwaherini, ndugu zangu.