Fedha au barua: Kipi humbadili daktari?

Mwezi Septemba mwaka 2014 barua ilitumwa kwa madaktari wa familia katika kliniki 791 za England. Ndani yake hamkuwa na hundi, wala onyo la kumfukuza mtu kazi.

Aliyeitia saini ni Dame Sally Davies, ambaye wakati huo alikuwa Mganga Mkuu wa Serikali. Barua ilimweleza daktari kwamba asilimia 80 ya kliniki katika eneo lake huandikia wagonjwa antibiotiki kidogo kuliko kliniki yake. Kisha ikamtajia hatua tatu rahisi za kupunguza dawa hizo.

Kliniki nyingine 790, ambazo nazo zilikuwa mstari wa mbele kwa kuandika antibiotiki, hazikupelekewa barua kwa wakati huo, ili watafiti wapate cha kulinganisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet la hapa London. Katika muda wa miezi sita, waliopata barua waliandika antibiotiki pungufu kwa asilimia 3.3 kuliko wenzao. Watafiti walikadiria kuwa dawa 73,406 hazikuandikwa, kwa gharama ya karatasi na stempu.

Watafiti hao walijaribu pia kuwapatia wagonjwa vipeperushi na mabango ya kuwaelimisha. Hayo hayakuleta tofauti ya maana.

Kwa nini jambo hili ni zito?

Sisi tunaoishi hapa tumezoea kusikia malalamiko ya wenzetu. Mtu amekwenda kwa daktari na kikohozi, akarudishwa nyumbani akanywe maji na paracetamol. Wengine husema wamedharauliwa.

Lakini antibiotiki haziui virusi vya mafua. Kila zinapotumiwa ovyo, bakteria hupata nafasi ya kuzizoea, na siku mtu akipata maradhi makubwa au akifanyiwa upasuaji, dawa hugoma kufanya kazi. Daktari analijua hilo. Tatizo ni kwamba mgonjwa yuko mbele yake, muda ni mfupi, na kuandika dawa ni rahisi kuliko kubishana.

Hapo ndipo wanapoingia wataalamu wa uchumi wa tabia. Hawa wanasema binadamu haongozwi na fedha peke yake. Hutazama pia jirani yake anafanya nini, na hapendi kuonekana wa mwisho. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza iliunda kitengo maalumu cha kutumia elimu hiyo, na wataalamu wa kitengo hicho walishiriki katika jaribio la barua.

Fedha nazo zilijaribiwa

Miaka kumi kabla ya barua hiyo, Uingereza ilikuwa imechagua njia ya fedha. Kuanzia Aprili 2004 kila kliniki ya daktari wa familia iliwekewa alama 1,050 za kugombea. Ukipima shinikizo la damu la wagonjwa wako, ukafuatilia wenye kisukari na pumu, unapata alama, na alama hugeuzwa kuwa pauni.

Madaktari walizikusanya. Katika mwaka wa kwanza kliniki za England zilipata kwa wastani zaidi ya asilimia 90 ya alama zote.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha upande wa pili. Huduma za pumu na kisukari ziliboreka haraka mwanzoni, kisha kasi ikapungua. Kwa wagonjwa wa pumu na wa moyo, mambo yasiyolipiwa alama yalianza kuzorota. Wagonjwa pia walipata shida zaidi kumwona daktari yule yule aliyewazoea.

Mwaka 2014 baadhi ya vipimo viliondolewa kwenye malipo. Mara moja kumbukumbu za huduma hizo zilishuka. Uskochi iliufuta mpango wote mwaka 2016. England inaendelea nao, ingawa umepunguzwa.

Fundisho tunaloliona ni kwamba fedha humvuta daktari kwenye kile kinachohesabiwa. Kisichohesabiwa huachwa, hata kama ndicho mgonjwa anachokihitaji.

Na nyumbani je?

Tanzania ilianza jaribio la namna hiyo mkoani Pwani mwaka 2011. Zahanati, vituo vya afya na hospitali vililipwa fedha za ziada vikifikia malengo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao Taasisi ya Afya Ifakara ilishiriki, ulionyesha kuwa wanawake waliojifungulia kwenye vituo vya afya waliongezeka kwa asilimia 8.2. Waliopewa dawa za kuzuia malaria wakiwa wajawazito waliongezeka kwa asilimia 10.3. Lakini kati ya huduma nane zilizochunguzwa, ni hizo mbili tu zilizobadilika waziwazi.

Je, barua isingetosha? Kwa maoni yetu, barua ya London ilifanya kazi kwa sababu kila cheti cha dawa England huandikwa na kuhesabiwa, na mshahara wa daktari unafika. Nyumbani watu wengi hununua antibiotiki duka la dawa bila cheti chochote. Huwezi kumlinganisha mtu na jirani yake iwapo hakuna anayejua wote wawili wametoa dawa kiasi gani.

Barua ni rahisi, na viongozi wetu wanaweza kuvutiwa na urahisi huo. Kabla ya kununua stempu, watupatie kwanza daftari la hesabu linaloaminika, dawa kwenye kabati la zahanati, na mshahara unaolipwa kwa wakati. Muuguzi asiye na glavu hatabadilika kwa kuambiwa kuwa mwenzake wa wilaya ya pili amemshinda.