Kulingana na Bei za Jana Hakutoshi

Wafanyabiashara, wahasibu wa vyama vya ushirika na hata wahandisi hunijia na swali lilelile: "Programu yetu ya uigaji imelingana na bei za miaka iliyopita. Tuitumie kuamua?" Hapana. Ningependa swali hili lizikwe.

Chukua tangawizi ya Upare Kusini: Bombo, Mamba Myamba na kata jirani za milimani, Wilaya ya Same. Tuseme mtu anataka kuweka fedha kwenye mitambo ya kukausha na kusaga, akaagiza uigaji wa wahusika. Ndani ya kompyuta kila mkulima ana shamba, mbegu, majirani na zamu yake ya maji ya ndiva, yaani bwawa dogo la asili la umwagiliaji, na kila mnunuzi ana mfuko wake. Wote wanaachwa waamue, na bei inatokana na maamuzi yao. Bei halisi ya tangawizi hupaa na kuporomoka. Ya kompyuta nayo hivyohivyo. Mchoro unapendeza, na wenye fedha wanataka kutia saini.

Ngojeni kwanza. Mchoro huohuo naweza kuupata kwa njia tatu. Ya kwanza: kila mkulima anatazama bei ya msimu uliopita. Ikiwa nzuri wote wanapanda, na kwa kuwa zao hukaa ardhini miezi minane hadi kumi, mzigo unafika sokoni kwa pamoja na bei inaanguka. Ya pili: hakuna anayetazama bei, kila mmoja anafuata alichofanya jirani au shemeji, na mkumbo unaleta mafuriko yaleyale. Ya tatu: bei ikipanda watu wanauza hata tangawizi waliyoitenga kwa mbegu. Msimu unaofuata mbegu ni adimu na mavuno ni haba. Mbegu ikirudi, soko linafurika.

Nikikaza namba hii na kulegeza ile, programu zote tatu zitafuata bei za zamani vizuri tu.

Sasa uliza swali la fedha: kiwanda kikitangaza bei ya uhakika kabla ya msimu wa kupanda, kitapata mzigo? Programu ya kwanza inajibu ndiyo, na mapema. Ya pili inasema tangazo halitafua dafu mpaka wakulima wachache wanaoheshimika kijijini waanze wao. Ya tatu inasema nia ipo ila mbegu hakuna, kwa hiyo fedha ingeanzia kwenye mbegu. Aliyenunua mashine kwa sababu mchoro ulilingana ameshachagua mojawapo bila kujua.

Na msiniambie dawa ni kuongeza maelezo: umri wa mkulima, mvua ya kila siku, hali ya barabara. Kila kipengele kisichopimwa shambani ni namba nyingine ya kukaza mpaka mchoro ukubali. Programu inazidi kufanana na Upare huku ushahidi wake ukipungua.

Kinachosaidia ni hiki. Pima programu kwa mambo mengi kwa mpigo, kama mwanaikolojia Volker Grimm na wenzake walivyoshauri mwaka 2005: si bei tu, bali nani anapanda, anang'oa lini, wa mwisho wa mfereji wanafanyaje. Kanuni ikishindwa hata kwa jambo moja, itiliwe shaka. Ficha misimu ya karibuni wakati wa kurekebisha namba, kisha uone kama programu itaikisia. Waache wakulima wenyewe wacheze kanuni hizo. Bruce Lankford, mtafiti wa umwagiliaji, aliendesha mchezo wa namna hiyo na wakulima wa bonde la Usangu, Tanzania, kwa ubao wenye mteremko na gololi badala ya maji. Mtu mwingine aiandike programu upya kwa kusoma maelezo tu. Iendeshe mara mamia, na mwenye fedha aoneshwe matokeo mabaya, si wastani peke yake. Uliza uamuzi upi una hasara ndogo, usiulize bei ya Machi. Soko la hisa la NASDAQ la Marekani lilipoitumia BiosGroup, kampuni ya uigaji wa aina hii, miaka ya 1990, swali lilikuwa kanuni ya soko ikibadilika, hatua za bei zikawa ndogo zaidi, nini kitaharibika.

Kwa mitambo ya Same ningeanza na mbegu. Msimu wa kupanda, pita nyumba kwa nyumba uulize kila kaya ilitenga kiasi gani na iliuza kiasi gani bei ilipopanda. Majibu hayo yatatuambia kama programu ya tatu ibaki au iondoke, kabla mashine haijaagizwa.