Mchezo wa skii: juu ya nini fimbo za wachezaji zinapimwa?

Katika mbio ndefu za skii, mtu anateleza juu ya theluji na mbao mbili nyembamba miguuni, fimbo moja kila mkono. Kwa mtindo wa klasiki, fimbo haiwezi kupita asilimia 83 ya urefu wa mchezaji. Mwenye sentimeta 180, viatu ndani, anabeba fimbo ya karibu sentimeta 149 tu. Shirikisho la kimataifa, FIS, liliweka sheria hiyo kwa msimu wa 2016-2017. Juu ya nini?

Jibu liko katika mwendo wenyewe. Klasiki ya zamani ni sawa na kutembea: mkono wa kuume unaenda na mguu wa kushoto. Lakini kuna namna nyingine, kusukuma fimbo zote mbili pamoja. Zamani wengi waliiona kuwa kazi ya mikono, ya fasi tambarare.

Watafiti wa Uswidi, Norwe na Austria waliweka wachezaji wenye skii za magurudumu juu ya mkanda mkubwa wa mashine, wakawachukua kwa kamera na kupima nguvu ya fimbo. Wakaona mwili mzima unatumika. Bingwa anasimama juu ya vidole vya miguu, anaegemea mbele, kisha anaangusha uzito wake juu ya fimbo. Tumbo linakaza, mikono inamalizia, halafu miguu inamnyanyua tena.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme msukumo mmoja unampeleka meta 6, naye anasukuma mara 50 kwa dakika: ni meta 300. Akiongeza sentimeta 20 kwa kila msukumo, anapata meta 10 zaidi. Fimbo ndefu inasaidia hapo, sababu msukumo unadumu.

Basi wenye nguvu wakaanza kupanda hata milima kwa fimbo mbili. Katika Vasaloppet ya Uswidi, kilometa 90, wanaume wa mbele wanamaliza njia yote hivyo. Hatua ya zamani ilikuwa karibu kupotea. Ndiyo maana FIS ilipima fimbo, tena ikaweka vipande vya njia, hasa milimani, ambako kusukuma mbili kumekatazwa.

Milimani ndipo Johannes Høsflot Klæbo wa Norwe anawaacha wengine, kwa hatua fupi-fupi kama mtu anayekimbia. Katika mashindano ya dunia ya Trondheim, 2025, alishinda dhahabu 6 katika mbio 6. Hatua zake hazifanani na za wazee, lakini zinakubaliwa, kwani mikono na miguu bado vinapishana.