Miji Jirani na Mzigo Mmoja

Kila mmoja awe na penseli yake, maana mbele kidogo tutafanya hesabu.

Leo twataka kujua jambo hili: miji iliyo jirani yaweza kutumia huduma moja kwa pamoja, ili kodi ya wananchi isilipie kazi ile ile mara mbili? Tutautazama mji wa Dar es Salaam. Wengi hudhani kwamba huo ni mji mmoja. Kwa macho ni mmoja, lakini kwa utawala una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, ambalo hapo kwanza lilikuwa Manispaa ya Ilala, kisha Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila halmashauri ina madiwani wake, mkurugenzi wake na mfuko wake wa fedha. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa humo watu 5,383,728. Wote hao hunywa maji, na wote hutupa taka.

Tuanze na maji. Maji mengi ya mji huo hutoka katika mto Ruvu, ulio Mkoa wa Pwani. Iko mitambo miwili mikubwa. Mtambo wa Ruvu Chini waweza kutoa lita milioni 270 kwa siku, na ule wa Ruvu Juu lita milioni 196. Mtambo mmoja huleta maji kwa upande wa Bagamoyo, na mwingine kwa upande wa Mlandizi na Kibaha. Kwa hiyo mama wa Kibaha, mama wa Bagamoyo na mama wa Kinondoni huteka maji ya mto mmoja, yaliyosafishwa na mamlaka moja, yaani DAWASA.

Kwa nini kila mji usijenge mtambo wake? Fikirini vitu vinavyotakiwa. Pampu, machujio, dawa, fundi wa kukesha usiku, mtaalamu wa kupima maji, mlinzi wa lango. Hata mtambo ukihudumia watu wachache, mlinzi hawezi kuwa nusu mtu. Gharama za namna hii zikigawanywa kwa watu wengi, fungu la kila mmoja huwa dogo. Na malipo ya maji hayana ugomvi mkubwa, kwa kuwa iko mita. Anayetumia zaidi hulipa zaidi, awe upande gani wa mpaka.

Lakini iko hatari. Mwaka 2022 mvua zilikosekana, maji ya Ruvu yakapungua, na mwezi wa Oktoba mgao wa maji ukatangazwa. Waliokuwa wakichota katika mtungi mmoja wakapata kiu pamoja. Mwaka huo huo maji ya visima virefu vya Kigamboni yakaingizwa katika mabomba ya mji. Mtungi wa pili ni gharama, lakini siku ya ukame hakuna aiitaye hasara.

Sasa tuje kwenye taka. Hapo ndipo penseli itakapofanya kazi.

Kwa miaka mingi taka za Dar es Salaam zimepelekwa katika dampo moja, Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya mji, upande wa Ilala. Je, dampo moja kwa halmashauri tano ni nafuu? Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kujifunzia tu, si bei za kweli.

Tuseme katapila la kusukuma taka dampo hugharimu shilingi 1,000,000 kwa siku. Halmashauri tano zikichangia katapila moja, kila moja hutoa shilingi 200,000. Tuseme tena kwamba lori moja, pamoja na dereva na wapakiaji, hugharimu shilingi 120,000 kwa siku, na halmashauri yetu ina taka za safari 30 kila siku.

Ikiwa tuna dampo letu karibu, lori huenda mara tatu kwa siku. Twahitaji malori 10, yaani shilingi 1,200,000. Ongeza katapila letu wenyewe, jumla ni 2,200,000.

Ikiwa twatumia dampo la pamoja, na lori laweza kwenda mara mbili, twahitaji malori 15, yaani 1,800,000. Ongeza mchango wa 200,000, jumla ni 2,000,000. Tumeokoa shilingi 200,000.

Lakini ikiwa foleni ni ndefu na lori huenda mara moja tu, twahitaji malori 30, yaani 3,600,000. Pamoja na mchango, ni 3,800,000. Hapo tumepata hasara, tena kubwa. Na mwananchi hataiona hasara hiyo kwenye karatasi. Ataiona mtaani kwake, pale taka zitakapolala wiki nzima bila kuzolewa, halafu mvua izisombe mpaka mtaroni.

Mtazame mtu wa Bunju, kaskazini kabisa mwa Kinondoni. Lori la taka zake lazima livuke mji mzima kufika Pugu. Kwa watu kama huyo yafaa kuwe na kituo cha katikati, ambako malori madogo humwaga taka na lori kubwa moja huzichukua. Au taka zipungue kabla ya safari. Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda cha mbolea ya mboji huko Mabwepande, ambako taka za sokoni zinazooza hugeuzwa mbolea. Kwa maoni yangu hiyo ni akili nzuri, maana ganda la ndizi halina haja ya kusafiri mpaka Pugu.

Liko na swali la nani anaamua. Tangu mwaka 2000 ilikuwako Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa, kwa ajili ya mambo ya pamoja. Haikuwa na eneo lake, na manispaa ziliichangia fedha. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja, na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Gharama ya ofisi moja ikaondoka, lakini taka na barabara bado huvuka mipaka, na sasa halmashauri zenyewe hazina budi kukaa na kupatana.

Mwalimu wa darasa, sasa zima redio. Wanafunzi, rudieni hesabu ile, lakini mchango wa katapila uwe shilingi 500,000 badala ya 200,000, na lori liende mara mbili. Je, bado twapata nafuu? Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu: taka za mtaa wake huenda wapi, huchukuliwa na nani, na yeye hulipa shilingi ngapi. Tutazisoma wiki ijayo. Kwa herini.