Jino Bovu: Maumivu Yakiisha, Je, Mutoto Amepona?



Mutoto analia usiku mzima juu ya jino. Kisha siku moja anaacha kulia. Mama anafurahi, anasema, "Jino imepona." Juma chache zinapita, na asubuhi moja shavu limevimba, jicho karibu kufungika. Juu ya nini?

Jino linaoza namna gani

Vijidudu vya mdomoni vinakula sukari ya chai na biskuti, vinatoa asidi. Sisi wa Kolwezi tunajua asidi: kiwandani Luilu inayeyusha madini ya shaba. Mdomoni inayeyusha jino polepole, mpaka tundu linafika ndani kwenye mshipa. Hapo ndipo maumivu makali. Mshipa ukifa, maumivu yanaisha, lakini vijidudu vinashuka kwenye mzizi mpaka mfupa wa taya, na usaha unajaa. Basi, kunyamaza kwa jino si kupona.

Vidonge peke yake havitoshi

Vidonge vya kuua vijidudu vinapita katika damu, na ndani ya jino lililokufa damu haipiti tena. Uvimbe utapungua, kisha utarudi. Lazima munganga atoe usaha, na kung'oa jino au kulisafisha ndani. Usingoje uvimbe uishe ndipo uje. Yeye ataamua saa ya kung'oa. Usitie tundu maji ya betri wala petroli. Usiweke aspirini juu ya ufizi, itauchoma. Wala usimpe mutoto aspirini anywe.

Kimbia hospitali leo, hata usiku, kama:

1. Hawezi kufungua mdomo vizuri.
2. Hawezi kumeza, mate yanatoka.
3. Uvimbe umeshuka chini ya ulimi au shingoni.
4. Jicho linafungika, au ana homa kali.
5. Anapumua kwa shida.

Uvimbe wa shingo unaweza kuziba njia ya pumzi. Munganga Ludwig wa Ujerumani aliueleza mwaka 1836. Mbele ya dawa za kuua vijidudu kupatikana, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikufa. Leo wengi wanapona, wakifika mapema.

Baada ya kung'oa

Aume pamba kwa nusu saa. Damu inayoganda ndani ya tundu ndiyo bandeji yake. Siku hiyo asisukutue, asitemeteme, asinyonye kwa mrija. Angalia asiume mdomo uliokufa ganzi. Ampe uji usio moto. Kesho yake asukutue taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi siku ya 3, na harufu mbaya, mrudishe: labda damu ile imetoka na mfupa umebaki wazi.

Mama mwenye mimba naye anaweza kung'olewa jino. Aseme tu ana mimba mbele ya kupewa sindano.

Neno la mwisho

Karibu na miaka 6, magego 4 yanaota nyuma ya meno ya utoto. Bamama wengi wanafikiri yatang'oka yenyewe. Hapana! Hayo ni ya maisha yote. Yakipotea, hakuna mengine. Leo jioni washa taa, fungua mdomo wa mutoto, utazame nyuma kabisa. Ukiona tundu jeusi, mlete akiwa bado anacheka.