Mji wa Maji ya Moto

Wengi wametuuliza habari za safari yetu ya Uingereza, nasi twaona vema kuwaandikia habari za mji mmoja tu, nao ni Bath. Maana ya jina hilo ni mahali pa kuoga.

Twaliondoka London asubuhi kwa gari la moshi, na baada ya muda wa saa moja na nusu tukashuka. Mji umekaa bondeni kando ya mto Avon, na nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe ya rangi ya asali. Tulikuwa pamoja na mwalimu mzee, mwenye maumivu ya magoti tangu miaka mingi. Amesikia ya kwamba maji ya Bath huponya viungo. Naye, ingawa hakusema neno, tulijua kwamba tumaini lake liko huko.

Chemchemi ile hutoa maji zaidi ya lita 1,000,000 kila siku, yenye moto wa digrii 46 hivi. Wajuzi husema ya kuwa ni mvua iliyonyesha zamani sana, ikazama chini kabisa, ikapata moto huko, kisha ikapanda tena kwa ufa wa mwamba. Watu wa kale hawakuyajua hayo. Waliona mvuke ukipanda, wakadhani ni makao ya mungu mke, wakamwita Sulis. Warumi walipoitawala nchi, katika karne ya kwanza, wakajenga hekalu na birika kubwa, wakaisakafia kwa mabamba ya risasi, ambayo yangalipo hata leo.

Mzee alipofika ukingoni akainama atie mkono. Mara mlinzi akamzuia kwa upole, kwa kuwa maji yale ya kijani si salama. Mwaka wa 1978 kijidudu cha hatari kilionekana katika maji ya mji, watu wakakatazwa kuoga. Hata mwaka wa 2006 ndipo ilipofunguliwa nyumba mpya ya kuogea. Mzee akanyamaza. Baadaye akapewa bilauri ya maji yaliyosafishwa, akanywa, akakunja uso, akasema, "Haya yana ladha ya msumari." Tukacheka sote, lakini yeye hakucheka sana.

Ndani ya nyumba ya makumbusho tuliona vibao vidogo vya risasi. Vipatavyo 130 vimetolewa chemchemini. Mtu aliyeibiwa aliandika laana yake juu ya kibao, akakitupa majini ili mungu yule amlipizie kisasi. Mmoja, jina lake Docimedis, alipotewa na glovu mbili. Akaomba mwizi apotewe na akili na macho. Glovu mbili kwa macho mawili! Tulitazamana, kwa maana hata kwetu wako waendao kwa mganga kwa ajili ya kuku mmoja. Mzee akasimama mbele ya kibao kile kitambo kirefu.

Jioni tukaenda kuiona Fairfield House. Hapo alikaa Haile Selassie, Mfalme wa Uhabeshi, baada ya majeshi ya Waitalia kuitwaa nchi yake mwaka wa 1936. Yeye hakupotewa na glovu, bali na kiti cha enzi. Alirudi Addis Ababa mwaka wa 1941. Na mwaka wa 1958 akautolea mji wa Bath nyumba ile, iwe kwa ajili ya wazee.

Mzee akaketi ukutani akisugua magoti yake. Akasema, "Ndugu zangu, magoti haya yatarudi nyumbani vile vile yalivyokuja. Lakini mimi nami nina kibao changu. Miaka saba nimekibeba juu ya mdogo wangu, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hicho nitakiacha hapa."

Hatukumwuliza zaidi. Twaliporudi, kabla hajafungua hata mzigo wake, alishika fimbo akaenda kwa mdogo wake, akichechemea njiani. Wakala pamoja usiku ule.

Basi, wapenzi, mtakapokwisha kusoma ukurasa huu, na tuulizane nyumbani mwetu: tumetunza vibao vingapi, na juu ya nani?